MAISHA YA DUKE KAHANAMOKU, MTU WA MAWIMBI

Wengi wetu hapa Nguba tunajua mawimbi ya ziwa Kivu tu. Upepo ukivuma, ziwa linachafuka. Ukikoma, baada ya saa chache maji yametulia. Ziwa letu ni fupi, upepo haupati nafasi ya kuyasukuma maji mbali. Safari hii tunawaletea habari za mtu aliyeishi na mawimbi ya namna nyingine, yale yanayozaliwa mbali sana na pwani yanapovunjikia.

Duke Kahanamoku alizaliwa Honolulu tarehe 24 Agosti 1890, wakati visiwa vya Hawaii vilikuwa vingali ufalme. (Duke ni jina lake tu, si cheo.) Masomo ya sekondari hakuyamaliza, na hapo tusimfuate. Alikulia pwani ya Waikiki, akajifunza kusimama juu ya ubao na kuchukuliwa na wimbi mpaka karibu na mchanga. Mchezo huo ni wa mababu zake, lakini ulikuwa karibu kufa: magonjwa yalikuwa yameua watu wengi, na tuseme ukweli, wamisionari wa kwanza, Waprotestanti kama sisi, hawakuupenda.

Sasa, Waikiki inatazama kusini. Mawimbi yake makubwa yanafika hasa mwezi wa 6 mpaka wa 8, wakati sisi tuko katika kiangazi na vumbi. Kumbe kule chini, upande wa New Zealand, ni majira ya baridi. Tufani zinavuma siku nyingi juu ya bahari isiyo na kizuizi, na nguvu ile inasafiri ndani ya maji kilometa zaidi ya 7,000. Njiani mawimbi yanajipanga: marefu yanatangulia, mafupi yanabaki nyuma na kufa. Kisha kama juma moja yanafika Waikiki laini, wala hapo hakuna tufani yoyote. Mwezi wa 11 mpaka wa 2 ni zamu ya baridi ya kaskazini, nayo inapiga upande wa pili wa kisiwa kwa mawimbi yanayoweza kupita meta 10.

Duke aliogelea pia. Alipata medali ya zahabu Stockholm mwaka wa 1912, na mbili Antwerp mwaka wa 1920. Mwisho wa 1914 alifika Australia, akachonga ubao wake huko huko, akawaonyesha watu wa Sydney namna ya kupanda wimbi.

Lakini sisi tunamheshimu zaidi kwa siku ya tarehe 14 Juni 1925. Huko Corona del Mar, California, mawimbi makubwa yalipindua mashua yenye watu 17. Duke alichukua ubao wake, akaenda na kurudi, akatoa watu 8. Wenzake walitoa 4, 5 walikufa. Tangu pale walinzi wa pwani walianza kutumia ubao kuokoa watu. Tulipoisoma habari hii tulikumbuka mashua iliyozama karibu na Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024. Pwani ilikuwa inaonekana, na watu wengi walikufa.

Baadaye Duke alikuwa sherifu wa Honolulu, kwa miaka zaidi ya 25. Alikufa tarehe 22 Januari 1968, na majivu yake yalitupwa baharini mbele ya Waikiki.