Fusae Ichikawa: Mwalimu Aliyekataa Siasa za Bahasha

Wapo wanaoshikilia kwamba kura haipatikani pasipo mtu kufungua mfuko. Maisha ya Fusae Ichikawa wa Japani yanawasuta.

Alizaliwa mwaka wa 1893 katika familia ya wakulima mkoani Aichi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mwandishi wa habari. Siku hizo sheria ilimkataza mwanamke hata kuhudhuria mkutano wa siasa. Ichikawa na wenzake waliipinga hadi ikalegezwa mwaka wa 1922. Haki ya kupiga kura, hata hivyo, ilipatikana Desemba 1945, vita vilipokwisha. Naye mwaka wa 1947 alipigwa marufuku katika siasa kwa zaidi ya miaka mitatu kwa kushirikiana na serikali wakati wa vita. Doa hilo halifai kufichwa.

Mwaka wa 1953 aliingia katika baraza la juu la Bunge, bila chama. Kampeni za Japani zina desturi zake: glavu nyeupe, magari yenye vipaza sauti, na jina la mtu kurudiwarudiwa barabarani. Lakini desturi iliyodhuru zaidi ni ya bahasha za fedha ambazo wanasiasa walizoea kupeleka harusini na matangani.

Ichikawa aliikataa. Lugha yetu humwita mwomba kura mgombea, yaani mwenye kung'ang'ania. Yeye alishikilia kinyume chake: anayefaa ni yule anayeombwa na wananchi asimame. Basi wafuasi wake ndio waliochanga kidogo kidogo na kumpigia debe bila malipo, na gharama zake zikawa chini mno ya kiwango cha sheria.

Mwaka wa 1971 alishindwa, lakini hakubadili njia. Mwaka wa 1974, akiwa na miaka 81, vijana walimsihi arudi, akashinda. Mmoja wao, Naoto Kan, alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka wa 2010. Mwaka wa 1980 Ichikawa aliongoza orodha ya taifa zima kwa kura zaidi ya milioni 2.7. Alifariki Februari 1981, angali mbunge.

Kwa maoni yangu, somo hili lianzie shuleni, wanafunzi wanapochagua viongozi wao. Anayezoea kuuza kura yake kwa soda akiwa darasani, ataiuza kwa bei gani akiwa mtu mzima?