Jane Austen: aliyemuuza Darcy kwa pauni 110

Mwaka 2011 mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Uingereza, P.D. James, akiwa na umri wa miaka 91, alitoa Death Comes to Pemberley. Ndani yake Elizabeth na Darcy, wapenzi maarufu wa Pride and Prejudice, wameshaoana, wana watoto wawili wa kiume, na mtu ameuawa katika msitu wao. Miaka miwili baadaye Jo Baker akaja na Longbourn, akiisimulia familia ya Bennet kutoka jikoni, kwa wanaofua na kupika. Mimi huyu wa pili ndiye aliyenikosesha usingizi. Vitabu vya namna hii vimekuwa vingi, na hakuna anayelazimika kumlipa mtu, kwani hakimiliki iliisha zamani. Aliyewabuni watu hao alifariki mwaka 1817, na alichopata kwao ni kidogo.

Jane Austen alizaliwa tarehe 16 Desemba 1775 katika kijiji cha Steventon, Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana aliyewafundisha wanafunzi nyumbani ili kuongeza kipato. Mwaka 1797 mzee huyo alimwandikia mchapishaji wa London kuhusu riwaya ya binti yake, ile ambayo baadaye ingekuwa Pride and Prejudice. Ilikataliwa bila hata kusomwa.

Desemba 1802 aliposwa na Harris Bigg-Wither, mrithi wa shamba kubwa. Jioni alikubali, asubuhi akakataa. Hakuolewa kamwe, na baba yake alipofariki mwaka 1805, yeye, mama yake na dada yake Cassandra waliishi kwa kuchangiwa na kaka zao, hadi mmoja wao, Edward, alipowapa nyumba kijijini Chawton mwaka 1809.

Biashara yake ya kwanza ilikuwa ya hasara. Mwaka 1803 aliuza muswada ulioitwa Susan kwa pauni 10. Mnunuzi aliutangaza, kisha akaufungia kabatini. Miaka sita baadaye Jane alimwandikia kwa jina la bandia akidai uchapishwe. Akajibiwa kwamba hakuna aliyeahidi tarehe, akiutaka arudishe pauni 10, na akiuchapisha kwingine atashtakiwa. Pesa hiyo hakuilipa, na muswada ukabaki huko hadi mwaka 1816 alipoukomboa. Leo tunaujua kwa jina la Northanger Abbey.

Sense and Sensibility ilipotoka mwaka 1811, bila jina lake, gharama za uchapaji zilikuwa juu yake na mchapishaji, Thomas Egerton, akachukua kamisheni. Kilipokwisha sokoni, faida yake ilikuwa pauni 140. Hapo ndipo alipokosea, kwa maoni yangu. Kwa Pride and Prejudice aliogopa kubeba hasara tena, akaomba pauni 150 kwa haki zote, wakapatana 110. Kitabu kilitoka Januari 1813, na kabla mwaka haujaisha kilichapwa tena. Katika chapa hiyo ya pili hakuwa na haki ya senti moja. Mfanyabiashara wa Busia au Namanga aliyewahi kuuza mahindi shambani kisha akayakuta mjini yamepanda mara tatu ataelewa.

Funzo hilo nalo lilimgharimu. John Murray alipompa pauni 450 kwa haki za Emma pamoja na vitabu viwili vingine, alikataa na kurudia njia ya kamisheni. Chapa ya pili ya Mansfield Park ikadoda, hasara yake ikakatwa kwenye faida ya Emma, mkononi zikabaki pauni 38 na ushei. Mwaka huohuo wa 1816 benki ya kaka yake Henry ilifilisika.

Wanaochukizwa na riwaya za kuendeleza kazi za wenzao wajue kwamba Jane mwenyewe ndiye aliyeanza. Nyumbani aliwasimulia watoto wa kaka zake yaliyotokea baada ya ukurasa wa mwisho: Kitty Bennet aliolewa na mchungaji aliyeishi karibu na Pemberley, Mary akaolewa na karani wa mjomba wake. Mwaka 1813 alizunguka maonyesho ya picha London akitafuta sura ya Bibi Darcy, asiione. Na mwaka 1850 Catherine Hubback, binti wa kaka yake Francis, alichapisha riwaya aliyoijenga juu ya hadithi ambayo shangazi yake aliiacha njiani.

Jane alifariki Winchester tarehe 18 Julai 1817, akiwa na miaka 41. Mwaka 1832 mchapishaji Richard Bentley alinunua haki za riwaya tano kwa Henry na Cassandra kwa pauni 210. Ya sita, Pride and Prejudice, ilimbidi aifuate kwa warithi wa Egerton.