Kimathi na Daftari la Msituni

Juzi nilitoka Nakuru kwa matatu, tukapanda Dundori hadi Ol Kalou. Milima ya Nyandarua ilipochomoza mbele yetu nikamkumbuka Dedan Kimathi. Sisi watu wa pwani twamjua kwa bunduki na nywele zake. Kalamu yake tumeisahau.

Alizaliwa Tetu, Nyeri, mwaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia jeshini, asidumu. Akashika kazi za ualimu na ukarani, na huku Ol Kalou na Nyahururu, siku hizo ikiitwa Thomson's Falls, akawa katibu wa chama cha KAU. Mashamba yalikuwa ya walowezi. Wakikuyu wengi walikuwa vibarua tu.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, aliingia msituni. Jeshi lile lilikuwa la kujitolea, halina mshahara. Machi 26, 1953, kundi la Mbaria Kaniu lilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, likachukua silaha na kuwafungua mahabusu. Kimathi aliamuru mambo kama hayo yaandikwe: nani kaingia, nani kafa, wapi walipigana. Mwaka 1954 wapiganaji waliunda Bunge la Kenya humo humo msituni, yeye akiliongoza.

Simfanyi malaika. Wapo wenzake aliowahukumu kifo kwa kuwashuku. Na vita vile viliipasua nyumba moja: huyu msituni, nduguye katika homgadi. Aliyempiga risasi na kumwangusha, Oktoba 21, 1956, ni askari Mkikuyu mwenzake. Alihukumiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola, akanyongwa Kamiti, Februari 18, 1957.

Jalada la kesi yake lilidhaniwa limepotea kwa miaka mingi, hata likachapwa kitabuni mwaka 2017. Sanamu yake ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007. Ila mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 bado akidai mifupa ya mumewe aizike.

Sisi tuliosoma chuoni twafahamu kuwa kuzika ni faradhi ya kifaya: asipotokea hata mmoja wa kuitimiza, dhambi ni ya wote. Kimathi hakuwa wa dini yetu, lakini deni hili nalielewa. Aliyetaka kila aliyekufa aandikwe, yeye mwenyewe hakukabidhiwa kwa watu wake.