Maisha ya Samuel Johnson, Mwalimu Aliyekataliwa



Katika shule niliyosoma kabla ya kuja hapa palikuwa na kijana mmoja ambaye macho yake yalipepesa bila kukoma. Mara shingo ilijivuta upande, mara alikohoa kikohozi kifupi kisicho cha mafua. Sisi tulicheka. Mimi nilikuwa hodari wa kumwigiza, na bweni zima lilinishangilia. Mwalimu mmoja alimwadhibu akidhani anafanya mzaha, na wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Baada ya likizo hakurudi tena. Miaka mingi ikapita, nikasoma habari za Mwingereza mmoja aliyeitwa Samuel Johnson, na aibu ikanishika. Ndiyo sababu naziandika hapa.

Johnson alizaliwa mwaka wa 1709 katika mji mdogo wa Lichfield. Baba yake aliuza vitabu, lakini fedha zilikuwa chache. Alipokuwa mtoto mchanga alipata ugonjwa wa matezi ya shingo, na jicho lake moja likawa karibu kupofuka. Siku zile watu waliamini kwamba mkono wa mfalme huponya ugonjwa huo. Basi mwaka wa 1712 mama yake akampeleka London, Malkia Anne akamgusa na kumpa kipande cha dhahabu cha kuvaa shingoni. Mtoto hakupona, lakini dhahabu ile aliivaa maisha yake yote.

Alipokua, watu wakaona jambo jingine. Kichwa chake kilitikisika, mdomo ulijipinda, mwili uliyumba mbele na nyuma, na kooni mlitoka milio kama ya kuku au ya mtu anayepuliza. Hata hivyo akili yake ilikuwa kali kuliko za wenzake. Mwaka wa 1728 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford, lakini baada ya miezi kumi na mitatu fedha zilimwishia, akarudi nyumbani bila shahada. Huko Oxford viatu vyake vilikuwa vimetoboka, na mtu mmoja aliyemhurumia akaweka viatu vipya mlangoni pake. Johnson alivitupa kwa hasira. Hakutaka kuhurumiwa.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi wa shuleni. Mwaka wa 1735 aliomba kazi ya mwalimu mkuu huko Solihull. Wakubwa wa shule walikubali kwamba ni mtu mwenye elimu nyingi, lakini wakamkataa. Walisema ana kiburi, tena hupinda uso. Na ingawa walijua hawezi kujizuia, waliogopa kwamba vijana wataathirika. Aliomba tena katika shule ya Brewood, na huko pia akakataliwa, kwa hofu kwamba wanafunzi watamwiga au kumcheka. Basi kwa fedha za mkewe Elizabeth alifungua shule yake mwenyewe mahali panapoitwa Edial, karibu na Lichfield. Wanafunzi walikuwa wachache mno. Mmoja wao, David Garrick, alikuwa akichungulia katika tundu la ufunguo, kisha akiwaigiza mwalimu na mkewe mbele ya wenzake. (Niliposoma hapo niliona kana kwamba nimetajwa jina.) Shule ikafa, na mwaka wa 1737 mwalimu na mwanafunzi wakaondoka pamoja kwenda London kutafuta riziki. Garrick akawa mwigizaji mkubwa kuliko wote wa mji ule. Johnson akawa mwandishi wa kulipwa kwa kurasa.

Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka wa 1735, kilihusu upande wetu wa dunia. Kilikuwa tafsiri ya safari za Padre Lobo, Mreno aliyefika Pate katika pwani ya Waswahili mwaka wa 1624, akijaribu kupata njia ya kwenda Uhabeshi asiipate. Johnson alikitafsiri akiwa amelala kitandani, mwenye huzuni nyingi, akimwambia rafiki yake maneno ya kuandika. Baadaye, mwaka wa 1759, alitunga hadithi ya Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi; aliiandika kwa jioni za juma moja ili apate fedha za mazishi ya mama yake.

Kazi kubwa ya maisha yake ni kamusi ya Kiingereza. Aliifanya kwa karibu miaka tisa akiwa na wasaidizi sita tu, ikatoka mwaka wa 1755, na maneno yake yalizidi elfu arobaini. Alipokuwa katika kazi hiyo mkewe alikufa.

Siku moja mchoraji Hogarth alikuwa katika nyumba ya rafiki yake, akamwona mtu mmoja dirishani anatikisa kichwa na kuyumba ovyo. Akadhani ni punguani aliyewekwa pale atunzwe. Mara mtu yule akasogea na kuanza kusema juu ya mambo ya mfalme, kwa ufasaha ambao Hogarth hakupata kuusikia. Alikuwa Johnson.

Je, ulikuwa ugonjwa gani? Mwaka wa 1885 daktari Mfaransa, Gilles de la Tourette, aliandika habari za wagonjwa tisa wenye mishtuko na milio ya namna hiyo. Madaktari huiita tiki. Mwaka wa 1979 Dakta Murray wa Canada aliyakusanya yote waliyoandika marafiki wa Johnson, akaona kwamba yanafanana kabisa na hali hiyo. Johnson mwenyewe hakujua. Mtoto mmoja wa kike alipomwuliza kwa nini anafanya vile, alimjibu kwamba ni mazoea mabaya, akamwonya ajihadhari. Alijilaumu kwa jambo lisilokuwa kosa lake.

Tena rafiki yake Reynolds, mchoraji, aliona kwamba Johnson akiambiwa akae kimya ili achorwe, hutulia. Kwa hiyo naye akadhani ni mazoea tu. Na hapo ndipo walimu wengi hukosea hata leo, wakisema kwamba mtoto anaweza akitaka. Mwenye tiki huhisi kwanza kitu kama mwasho, au kama chafya inayokuja. Anaweza kuizuia kwa muda, lakini itatoka. Mara nyingi huanza katika umri wa miaka mitano hadi saba, huzidi kwenye kumi hadi kumi na miwili, na kwa wengi hupungua ujana unapokwisha. Huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Uchovu, hofu na kutazamwa huiongeza. Kazi inayoshika moyo huituliza. Haiambukizi, wala si uchawi, wala si kifafa, maana mwenyewe haanguki wala hapotewi na fahamu.

Siku hizi vijana hufundishwa kuitambua dalili ile ya kwanza, kisha kufanya mwendo wa kuipinga. Kama shingo inataka kujivuta, mtu hushusha kidevu polepole na kukaza misuli mpaka hamu ipite. Dawa hupewa wale wanaoumia au wanaoshindwa kusoma. Mwalimu naye aweza kumruhusu mtoto atoke nje kidogo, na kumkalisha mahali asipotazamwa na darasa zima. Mwenye shaka na aende Gihundwe au Mibilizi amwone daktari. Na kama mikono inacheza ovyo baada ya kuumwa koo au viungo, aende upesi, kwa kuwa huenda ni ugonjwa mwingine unaodhuru moyo.

Garrick alikufa mwaka wa 1779, na Johnson alionekana akilia kaburini kwa yule aliyemcheka zamani. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 13 Desemba 1784, akazikwa karibu naye katika Westminster. Mali yake nyingi alimwachia Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica, ambaye alimlea nyumbani mwake na kumpeleka shuleni. Barber alihamia Lichfield, na baadaye akafungua shule ndogo katika kijiji cha Burntwood, mwendo mfupi kutoka Edial.