JM Kariuki: Mtetezi wa maskini aliyeuawa Ngong

MKAZI wa Ongata Rongai atazamapo vilima vya Ngong siku hizi huona mitambo ya umeme wa upepo. Ni humo ambamo, mnamo Machi 3, 1975, mchungaji wa Kimaasai alikuta maiti ya mtu aliyepigwa risasi. Alikuwa Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliyejulikana kote nchini kama JM.

Alizaliwa mwaka wa 1929 huko Kabati-ini, Bonde la Ufa, katika jamii ya maskwota waliolima mashamba ya walowezi. Wakoloni walimweka kizuizini kuanzia 1953 hadi 1960, masaibu aliyoyasimulia katika kitabu chake cha 1963, Mau Mau Detainee. Baada ya hapo akawa katibu wa Mzee Jomo Kenyatta, kisha mbunge na waziri msaidizi.

Kilichomtenga na wakubwa wenzake ni suala la ardhi. Mashamba ya walowezi hayakurudishwa bure; yaliuzwa, na aliyeweza kununua ni mwenye fedha au mwenye njia ya kupata mkopo. Wengi waliotoka msituni na vizuizini hawakuwa na chochote. JM alionya kwamba Kenya ingekuwa nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Sensa ya 1969 ilikuwa imehesabu Wakenya wasiozidi milioni 11, kwa hivyo alikuwa akizungumzia karibu taifa zima. Kwake, utulivu uliojengwa juu ya njaa ya wengi haukuwa amani.

Mahasimu wake walimwita mnafiki, kwani naye alikuwa tajiri, mwenye shamba Gilgil na mpenzi wa mbio za farasi. Hilo ni kweli. Lakini ukwasi wake haukubatilisha hesabu yake, na pengine ndio uliowatia hofu zaidi: alisema yaliyojulikana mezani pao.

Mara ya mwisho alionekana katika hoteli ya Hilton, Nairobi, Machi 2, akiwa na maafisa wa polisi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilitoa ripoti Juni mwaka huo, ikitaka maafisa wakuu wachunguzwe. John Keen, mbunge wa Kajiado Kaskazini, eneo lililojumuisha Ngong na Rongai, aliiunga mkono ripoti hiyo akapoteza wadhifa wake wa waziri msaidizi. Masinde Muliro naye alifutwa uwaziri. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipoua zaidi ya watu 1,100, wapatanishi chini ya Kofi Annan waliandika umaskini, ardhi na ukosefu wa ajira kwa vijana katika Ajenda ya Nne. Miongoni mwa miji iliyoungua Januari 2008 ni Nakuru na Naivasha. Gilgil, alikozikwa JM, iko katikati ya miji hiyo miwili.