Kazimierz Nowak, Aliyevuka Afrika kwa Baiskeli

Wengi wenu mwalijua bonde la Nyabugogo, maana ni wanafunzi wachache wa shule yetu waendao likizo bila kupita katika kituo chake cha mabasi. Hapo barabara zitokazo Musanze na Byumba hukutana na ile iendayo Muhanga na Huye, na tangu alfajiri hata usiku ni honi, moshi, na kelele za makondakta. Lakini ukiipa barabara mgongo na kushuka kidogo, utaukuta mto wenyewe wa Nyabugogo, utokao ziwa Muhazi na kuingia katika Nyabarongo. Kando yake mna vijia vya udongo kati ya mashamba ya miwa, ambavyo gari haliwezi kupita. Katika vijia hivyo baba yangu hupita karibu kila siku na baiskeli yake, akileta kabichi na viazi sokoni. Yeye ni mmoja wa wale tunaowaita abanyonzi.

Niseme kweli, nilikuwa nikiona haya kwa ajili ya baiskeli hiyo. Nilipokuwa mwaka wa pili, baba alikuja shuleni na godoro langu amelifunga nyuma kwa kamba za mpira, jasho likimtiririka. Wenzangu waliponiuliza ni nani, nikajibu kwamba ni kibarua aliyetumwa kutoka nyumbani. Baba alisikia. Alifungua kamba, akaniaga, akaenda zake. Halafu Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yakafanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, nami nikasimama kando ya njia nikiwashangilia wageni wakipanda vilima vyetu mpaka sauti ikanikauka. Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiuliza kwa nini baiskeli ya mgeni ni fahari na ya baba yangu ni aibu.

Nilimweleza jambo hili padri mmoja Mpolandi aliyekuwa akitutembelea. Hakunikemea. Alinisimulia habari za mtu wa kwao, Kazimierz Nowak, akanionyesha na picha zake. Nimeona vema niwasimulie nanyi.

Nowak alizaliwa tarehe 11 Januari 1897 katika mji wa Stryj, ambao siku hizi umo katika nchi ya Ukraine. Wakati ule Polandi haikuwa dola. Ilikuwa imegawanywa na mataifa matatu yenye nguvu, na Stryj ulikuwa chini ya mfalme wa Austria. Kwa hiyo Nowak alikulia katika taifa lisilo na serikali yake lenyewe, na Polandi ilipopata uhuru mwaka 1918 alikuwa amekwisha kuwa kijana wa miaka ishirini na moja. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana lilimsaidia baadaye kuyaona mambo ya Afrika kwa macho mengine.

Baada ya vita alihamia upande wa Poznań, akafanya kazi ya ukarani, akaoa mke jina lake Maria, wakapata watoto wawili, msichana na mvulana. Lakini kazi zikawa haba na maisha yakawa magumu. Nowak alijua mambo mawili: kuendesha baiskeli na kupiga picha. Basi akaanza kusafiri kwa baiskeli katika nchi za Ulaya, akipeleka picha na habari kwenye magazeti ya kwao, na malipo yake yakawa riziki ya nyumba. Ilipofika mwaka 1931, watu wasio na kazi walikuwa wamejaa kila mji kwa sababu ya msiba wa biashara ulioanza 1929. Nowak akaazimia safari kubwa kuliko zote. Mkewe na watoto wakabaki katika kijiji cha Boruszyn, naye akaondoka na baiskeli kuukuu, kamera, hema, na fedha kidogo sana.

Safari yake ya Afrika ilianza Tripoli mwezi wa Novemba 1931. Libya ilikuwa chini ya Waitalia, nao hawakumruhusu kuendelea kusini jangwani, ikambidi arudi pwani na kuvuka mpaka Misri. Huko akaukuta mto Naili. Tangu hapo akawa akiufuata mto, siku baada ya siku, akipanda nao kuelekea kusini kupitia Misri na Sudan. Hebu mfikirini mtu huyu. Njia ya lami hana, duka la vipuri hana, na tairi likipasuka ni juu yake mwenyewe kulitia kiraka. Penye mchanga mwingi baiskeli haimbebi, bali yeye ndiye huibeba. Lakini penye mto pana watu, na penye watu pana maji, chakula, na wa kumwuliza njia. Mto ulikuwa kiongozi wake.

Hapa nataka mwanafunzi wa Nyabugogo atege sikio. Maji yapitayo chini ya kituo chetu cha mabasi huingia Nyabarongo, na Nyabarongo huingia Akagera, na Akagera huingia ziwa Viktoria, na humo ndimo utokamo Naili mpaka Misri. Kwa hiyo Nowak alipokuwa akisukuma baiskeli kando ya Naili, alikuwa akiyapandia maji yashukayo kutoka kwetu. Naye kweli alifika. Kutoka Sudan aliingia Kongo, akaja Rwanda, iliyokuwa wakati huo chini ya Wabelgiji, na Mwami alikuwa Mutara wa Tatu Rudahigwa, aliyetawazwa mwaka uleule wa 1931. Kigali, ulioanzishwa mwaka 1907, ulikuwa bado kituo kidogo juu ya kilima, wala hapana aliyedhani kwamba bonde la Nyabugogo lingejaa magari kama leo.

Nowak hakusafiri kama wazungu wengi wa siku zile, waliokuwa na msururu wa wapagazi nyuma yao. Alibeba mizigo yake mwenyewe. Alilala katika hema lake au katika vijiji, akala walichokula wenyeji. Kwa sababu hiyo aliona mengi ambayo mtu wa ndani ya motokaa hayaoni. Aliona jinsi watawala walivyowatendea vibaya Waafrika, akayaandika katika magazeti ya kwao bila kuficha. Malaria ilimshika tena na tena. Alipopata nafuu aliinuka, akapanda tena.

Mwaka 1934 alifika rasi ya Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Mtu mwingine angetafuta meli arudi kwao. Yeye aligeuza uso kaskazini akaanza kuivuka Afrika mara ya pili, kwa njia nyingine. Katika nchi ambayo leo ni Namibia baiskeli yake ilikuwa imechakaa kabisa, akaiacha, akaendelea kwa farasi mpaka Angola. Baadaye alikwenda kwa miguu, kisha akaingia katika mtumbwi na kushuka na maji ya mto Kasai katika Kongo. Akapata baiskeli tena, akaelekea Chad, na katika jangwa la Sahara akapanda ngamia. Novemba 1936 akaingia mji wa Algiers, kando ya bahari ileile aliyoiacha miaka mitano nyuma. Alikuwa amekwenda kilomita zipatazo 40,000, ambazo ni karibu sawa na kuizunguka dunia.

Muda huo wote alikuwa akimwandikia mkewe barua nyingi na kumpelekea picha, na habari zake zikachapishwa magazetini, fedha zikanunua mkate wa watoto. Alirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 1936. Lakini mwili ulikuwa umekwisha. Tarehe 13 Oktoba 1937 alikufa Poznań, umri wake miaka arobaini, hata mwaka mmoja tangu kurudi kwake haujatimia.

Kisha vita kuu ya pili ikaja, na jina lake likafunikwa na vumbi. Zaidi ya miaka sitini baadaye, Mpolandi mmoja aitwaye Łukasz Wierzbicki alipekua magazeti ya zamani, akakusanya barua na habari hizo, na mwaka 2000 zikatoka kitabuni. Mwaka 2006 kibao cha ukumbusho kikawekwa katika stesheni ya reli ya Poznań, akakizindua Ryszard Kapuściński, mwandishi mashuhuri aliyeijua sana Afrika. Na kati ya 2009 na 2011 vijana wa Polandi waliifuata njia ya Nowak kwa kupokezana, kundi baada ya kundi, mpaka wakaimaliza.

Tuna nini cha kujifunza? Kwanza, kwamba baiskeli haidharauliki. Katika nchi nyingi za Ulaya reli zilizokufa zimeng'olewa na njia zake zimefanywa kuwa za baiskeli, na kando ya mito mmetengenezwa vijia ambamo mtoto na mzee huendesha bila kuogopa gari. Sisi Rwanda hatuna reli, lakini mabonde na mito tunayo. Katika bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa Kigali mwaka 2022, mna njia za miguu na za baiskeli kando ya maji. Likizo ijayo, ninyi wenye baiskeli, jaribuni vijia vya bondeni. Chukueni pampu, viraka na gundi, ondokeni mapema kabla ya jua kali, na msalimieni kila mmkutaye, maana ndiye atakayewaonyesha daraja zima liko wapi.

La pili si jepesi. Nilimsimulia baba habari hizi zote jioni moja alipokuwa akitia mafuta mnyororo. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama wale watoto wawili walimtambua baba yao aliporudi. Sikuwa na jibu. Akasema kwamba mtu yule alikuwa shujaa, na kwamba alitafutia watoto wake chakula kwa baiskeli kama yeye, lakini miaka mitano ni mingi. Yeye mwenyewe, akasema, humshukuru Mungu kwa kuwa njia yake humrudisha nyumbani kila jioni. Kisha akaendelea na mnyororo wake.

Nilitaka kumwomba radhi kwa habari ya lile godoro, maneno yakanikwama. Nilishika tu kitambaa nikaanza kufuta rimu. Lakini nimekwisha kumwambia mwalimu wetu kwamba siku ya wazazi muhula huu baba yangu atakuja, na atakuja kwa baiskeli, kwa kijia cha mto. Nitamngoja langoni, nami nitawaambia wenzangu wote yeye ni nani. Wanafunzi wa zamani watakaokuwapo siku hiyo, tafadhalini njoni mmsalimu.