Christiaan Huygens, Mholanzi aliyeuona kwanza mwezi mkubwa wa Zohali

Gesi iliyolala chini ya bahari mbele ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, kwa sehemu kubwa ni methani. Ndiyo iliyowaleta wawekezaji Afungi, na ndiyo inayopozwa hadi karibu nyuzi 160 chini ya sifuri katika kiwanda kinachoelea cha Coral Sul ili igeuke kimiminika. Shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya mashambulizi ya Palma kuusimamisha mradi wa nchi kavu. Katika umbali wa zaidi ya kilomita bilioni moja kutoka pwani hiyo upo mwezi ambako baridi huifanya kazi hiyo bila kiwanda. Methani hunyesha huko kama mvua, hutiririka mitoni na kujaa katika bahari. Binadamu wa kwanza kuuona mwezi huo alikuwa Christiaan Huygens.

Alizaliwa The Hague tarehe 14 Aprili 1629, katika nyumba ya ukwasi na elimu. Baba yake, Constantijn, alikuwa mshairi na katibu wa watawala wa ukoo wa Orange, na mwanafalsafa Descartes alikuwa miongoni mwa wageni wake. Kijana alipelekwa Leiden kusomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika hisabati.

Akisaidiana na kaka yake, alianza kusugua lenzi kwa mikono yake, kwa kuwa zilizouzwa madukani hazikumridhisha. Tarehe 25 Machi 1655 aliielekeza darubini yao kwenye Zohali, akaona nukta ndogo kando ya sayari hiyo. Aliifuatilia usiku baada ya usiku hadi akathibitisha kuwa inaizunguka Zohali kwa takriban siku 16. Hakuipa jina, aliiita tu mwezi wa Zohali. Jina la Titan lilitolewa na John Herschel mwaka 1847. (Sisi tunaofasiri habari tuna bahati hapa: neno Zohali tulilipata zamani kutoka Kiarabu.)

Mwaka 1659 alichapa kitabu kilichoeleza kitendawili kilichomshinda Galileo. Galileo aliona mfano wa masikio pande mbili za sayari hiyo, kisha yakatoweka. Huygens alitambua kuwa ni pete moja, nyembamba na bapa, isiyoigusa sayari popote, na kwamba inapotuelekezea ukingo wake hatuwezi kuiona. Hata hivyo, mtu huyu makini alikuwa na udhaifu wa ajabu. Sayari zilizojulikana zilikuwa sita, na miezi, pamoja na wa kwetu, sasa ilitimia sita. Hesabu hiyo ilimpendeza mno kiasi kwamba hakuona haja ya kutafuta mwingine. Matokeo yake, kuanzia 1671 mwenzake wa Paris, Giovanni Domenico Cassini, alipata miezi mingine minne ya Zohali.

Kwa wakazi wa pwani, hata hivyo, pengine kazi yake kubwa zaidi ilikuwa saa. Nahodha aliweza kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima kimo cha jua au nyota. Umbali wa mashariki na magharibi, yaani longitudo, ulihitaji kujua saa ya bandari aliyotoka, na katika latitudo ya Cabo Delgado kosa la dakika nne ni karibu kilomita 110. Kukisia kulikuwa na gharama: mwaka 1585 meli ya Ureno, Santiago, ilivunjika kwenye miamba ya Bassas da India, katika Mlango-bahari wa Msumbiji.

Mwishoni mwa 1656 Huygens alibuni saa inayoongozwa na pendulamu, uzito unaoning'inia na kuyumba kwa mwendo ulio sawa. Kosa la kila siku, lililokuwa robo saa hivi, lilishuka hadi sekunde chache. Sifa zake zilifika Ufaransa, na mwaka 1666 Mfalme Louis wa 14 akamwita Paris katika chuo kipya cha sayansi. Aliishi huko kwa miaka mingi, akiugua mara kwa mara, hadi aliporudi kwao mwaka 1681. Hakuwahi kuoa.

Baharini saa zake zilisumbuka. Mwaka 1686 Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India ilizipeleka hadi Rasi ya Tumaini Jema, na zikarudi mwaka uliofuata kwa meli ya Alcmaer. Kwa hesabu ya saa hizo, meli ilikuwa imekatiza nchi kavu ya Ireland na Scotland! Huygens hakuzitupa. Alihoji kama pendulamu huyumba polepole zaidi karibu na ikweta kwa sababu mzunguko wa Dunia hupunguza uzito wa vitu. Alipoirekebisha hesabu, meli ilirudi baharini. Lakini mawimbi yaliendelea kuivuruga pendulamu, na longitudo ikamsubiri Mwingereza John Harrison katika karne ya 18.

Huygens alifariki The Hague tarehe 8 Julai 1695. Kitabu chake kuhusu uwezekano wa viumbe katika sayari nyingine kilitoka mwaka 1698.

Tarehe 14 Januari 2005 chombo cha Ulaya chenye jina lake, kilichobebwa na chombo cha Marekani kiitwacho Cassini, kilishuka kwa miavuli kupitia ukungu wa rangi ya chungwa wa Titan kwa karibu saa mbili na nusu. Kilipiga picha za mikondo iliyochimbwa na kimiminika, kisha kikatua penye ardhi laini kama mchanga wenye unyevu, kati ya kokoto za barafu zilizoviringwa kama zile za mtoni. Kiliendelea kutuma ishara kutoka hapo kwa zaidi ya saa moja, mpaka Cassini ilipozama upande wa pili wa upeo wa macho.